Kikundi cha kujitolea cha kuchunguza madai ya ramli na mambo ya ajabu Pemba: tuanzie wapi?

Maalim wa Wete (mleta mada)

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Kwa miezi kadhaa sasa, mimi na wenzangu wanne (muuguzi, fundi umeme, na vijana wawili waliomaliza chuo na bado hawajapata ajira) tumekuwa tukishauriana kuunda kikundi kidogo cha kujitolea, ambacho kazi yake itakuwa kuyachunguza kwa njia ya kisayansi madai ya mambo yasiyo ya kawaida yanayosikika katika shehia zetu: nyumba inayotupiwa mawe usiku na mtupaji asionekane, mtu anayesema anakijua kilichofichwa bila ya kukiona, kisima kinachosemwa kuwa maji yake yanatibu. Hatutaki kumkejeli mtu, na hatutafuti pesa.

Kilichotusukuma ni kisa cha jirani yangu aliyeibiwa pikipiki. Alikwenda kwa fundi wa ramli, fundi akapiga bao lake na kumwambia kuwa mwizi ni kijana, si mgeni, anakaa upande wa kibla wa nyumba iliyoibiwa, na jina lake lina herufi ya mim. Sasa katika mtaa wetu mtu atampata wapi kijana ambaye jina lake, au la baba yake, halina mim? Hata hivyo ilitosha. Kabla ya wiki kwisha familia ilikuwa imeshapata wa kumshuku, na kijana yule alipigwa hadi akavunjwa mkono. Mwezi mmoja baadaye pikipiki ikaonekana Chake Chake, imeuzwa na mtu wa ukoo ule ule ulioibiwa. Hakuna aliyerudi kwa fundi kumuuliza lolote, na kijana hajaombwa radhi mpaka leo.

Nilikwenda mwenyewe kuzungumza na fundi, kwa adabu, kwani ni mtu wa umri wa baba yangu na wengi wanamheshimu. Sikumlaumu. Nilimuuliza tu kama anaamini kwa dhati kwamba bao lake linaona, naye akanijibu bila ya kusita kuwa linaona, na kwamba kama nina shaka basi nimjaribu. Neno hilo ndilo lililonileta hapa, maana sisi hatujui mtu hujaribiwa vipi. Nasikia katika nchi nyengine kuna vikundi vya kujitolea vinavyofanya kazi hii kwa miaka mingi, na vyengine hutoa hata zawadi ya fedha. Huendeshaje shughuli zao? Je, zawadi inafaa kwa mazingira yetu? Na kwa sisi Waislamu, kumwendea mpiga ramli kwa nia ya kumjaribu hakuingii katika yale tuliyokatazwa? Naomba majibu ya watu wanaolijua jambo, si ya mzaha.

Mpemba wa Ughaibuni

Wa alaykum salaam, Maalim. Mimi ni mtu wa Mtambwe, lakini naishi California kwa miaka mingi na nimekuwa nikizifuatilia kazi za watu hawa. Kikundi kinachokaribiana zaidi na mnachokitaka ni kile kilichoanzishwa mwaka 2000 huko Hollywood, Los Angeles, na James Underdown, chini ya taasisi ya Center for Inquiry, na ambacho kwa muda mrefu kilijulikana kwa jina la Independent Investigations Group. Wanachama wake ni watu wa kujitolea wenye kazi zao nyengine. Zawadi yao ilianzia dola 50,000 na imepandishwa mara kadhaa. Kabla yao alikuwepo James Randi, mcheza mazingaombwe mzaliwa wa Kanada, ambaye mwaka 1964 aliahidi dola 1,000 kwa atakayeonesha uwezo wa kimiujiza chini ya masharti yaliyokubaliwa na pande mbili. Ahadi ile ilikua hadi kufikia dola milioni moja, watu zaidi ya 1,000 wakaomba kujaribiwa, na mpaka ilipofungwa mwaka 2015 hakuna hata mmoja aliyevuka jaribio la awali. Nataja kuwa alikuwa mcheza mazingaombwe kwa makusudi: mwanasayansi amezoea kuchunguza vitu ambavyo havina nia ya kumdanganya, kwa hiyo katika timu yenu mtafuteni mtu anayejua viini macho, hata akiwa ni yule anayecheza kwenye sherehe za watoto.

Utaratibu wao hauanzi na jaribio, unaanza na barua. Mdai huulizwa aandike kwa maneno yake mwenyewe anaweza kufanya nini, katika hali gani, na mara ngapi hufaulu katika kila mara kumi. Hapo ndipo madai mengi hufia, kwa sababu mtu anayesema "naona mambo" huona taabu kuandika anaona nini hasa. Akishaandika, kikundi hupendekeza jaribio, mdai hulipinga au hulirekebisha, na barua huenda na kurudi mpaka kila upande uridhike kwamba jaribio ni la haki. Kisha huandikwa mapema, kabla ya lolote kufanyika, ni matokeo gani yatahesabiwa kuwa kufaulu na yapi kuwa kushindwa, ili siku ile pasiwe na haja ya hakimu wala ya kubishana.

Nitatoa mfano. Mwaka 2009 walimjaribu mwanamke mmoja aliyesema kuwa anaweza kuona ndani ya miili ya watu, na hata kujua kuwa mtu hana figo moja. Walikubaliana duru tatu. Katika kila duru walikaa watu sita, mmoja wao akiwa hana figo moja, naye alitakiwa amtaje ni nani na ni figo ya upande gani, na afanye hivyo kwa usahihi katika duru zote tatu. Watu sita mara pande mbili ni majibu 12 yanayowezekana, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 1,728 ya kupata duru zote. Alipata moja. Laiti wasingeyaandika masharti mapema, ile duru moja ingetosha kuwafanya watu wagombane mpaka leo, kwa sababu bila ya mapatano hata kupata kimoja katika vitatu huonekana ni muujiza.

Kuhusu zawadi, nawashauri muiache. Huku hutolewa ili mdai ajitokeze, ilhali wa kwenu ameshajitokeza mwenyewe na kusema "nijaribu". Fedha ikiingia, jambo litageuka mashindano ya heshima baina yake na nyinyi, na mtaa utachukua pande. Isitoshe, siku ikatokea bahati ikamuangukia, sijui watu watano, wawili kati yao wakiwa hawana ajira, wataitoa wapi.

Mtoto wa Kengeja

Mnajitafutia balaa bure. Majini yametajwa ndani ya Qur-ani, nayo hayapimwi kwa mizani wala kwa saa. Jini akiona amewekewa mtego hatokuja, nanyi mtatoka mkisema hayupo. Wazee wetu waliishi na mizimu yao miaka na miaka bila ya kuwa na haja ya kikundi cha uchunguzi. Mwalimu na afundishe fizikia.

Ustadh Msomeshaji

Ndugu yetu wa Kengeja amesema kweli katika nusu ya maneno yake. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu, na sidhani kuwa Maalim ana nia ya kulipima hilo. Lakini aliyesema kuwa mwizi ana mim katika jina lake si jini. Ni mwanaadamu, amepokea ada, na kwa neno lake mtoto wa watu amevunjwa mkono. Katika dini yetu mtu hapigwi kwa dhana, na mwenye kudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Sioni kwa nini mpiga ramli awe nje ya kanuni hiyo.

Ama suala la kumwendea, ni suala zuri na lilipaswa kuulizwa. Hadithi iliyopokewa na Muslim inaeleza kuwa mwenye kumwendea mtabiri na kumuuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa masiku arubaini, na yapo makemeo makali zaidi kwa mwenye kumsadiki. Hata hivyo wanavyuoni wamepambanua baina ya anayeuliza kwa kutaka habari ya ghaibu na anayeuliza ili amjaribu mdai na kuidhihirisha hali yake. Hoja yao kubwa ni kisa cha Ibn Sayyad, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Huyu alikuwa kijana wa Madina aliyesemwa kuwa hupata habari zilizofichika. Mtume (s.a.w.) alimwendea yeye mwenyewe, akamwambia kuwa amemfichia kitu. Ibn Sayyad akajibu kwa kipande cha neno, "ad-dukh", na wanavyuoni wameeleza kuwa kilichofichwa ni "ad-dukhan", yaani moshi, ambalo ni jina la sura. Mtume akamwambia kuwa hatovuka kadiri yake.

Nimekisomesha kisa hiki kwa miaka mingi na sikuwahi kukitazama kwa upande huu mpaka niliposoma maelezo ya Mpemba wa Ughaibuni: kitu kimefichwa, mdai ametakiwa akitaje, na jibu la nusu halikumpandisha daraja. Basi, kwa ufahamu wangu, mnaweza kuendelea kwa masharti. Nia yenu iwe wazi tangu mwanzo. Msimuulize jambo la kweli la mtu yeyote, kama vile mwizi wa fulani au ugonjwa wa fulani, kwa sababu hapo mtakuwa mmetoka kwenye kujaribu na kuingia kwenye kutabiriwa. Na msimlipe ada ya ramli. Nauli na chakula cha mchana ni haki yake kama mgeni. Mwenye elimu zaidi yangu asahihishe.

Muuguzi Mstaafu, Unguja

Wanangu, nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nawaomba kabla ya kuanza muukumbuke mwaka 1995. Popo Bawa, jini aliyesemwa kuwa huwashukia na kuwashambulia watu usiku wakiwa wamelala, alianza kusikika huko kwenu Pemba mwanzoni mwa mwaka ule, kisha akavuka hadi huku. Walio wadogo huiona ni hadithi ya kuchekesha. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka ukoo mzima ukilala uani, wakubwa kwa wadogo, moto umewashwa, kwa sababu ilisemwa kuwa hawashukii waliokusanyika nje. Ilisemwa pia kuwa aliyeshukiwa asipowahadithia wenzake atarudiwa, na siku zote nimeona kuwa sharti hilo moja liliueneza uvumi kuliko redio. Mjini Unguja umma ulimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili, kwa kumdhania kuwa ndiye.

Waliokuja kwetu asubuhi walikuwa na maelezo yanayofanana sana. Mtu ameamka usiku, macho yapo wazi, anakiona chumba chake, lakini hawezi kuinua hata kidole, kifua kimeelemewa, na ana yakini kuwa kuna kitu chumbani. Wazee wanaliita jinamizi. Kitabibu ni kupooza kwa usingizini: wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili mtu asiiigize ndoto yake, na mara nyengine fahamu hurudi kabla ya misuli kuachiwa, ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Inakadiriwa kuwa takriban mtu 8 katika 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani, na humpata zaidi aliyelala chali na aliyekatikiwa na usingizi. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwezi wa Februari, wakati huo huo wa uvumi kuanza, na nani asiyekatikiwa na usingizi katika mwezi wa kuamka daku? Mchunguzi wa Marekani, Joe Nickell, aliandika mwaka ule ule kuwa visa hivyo vinafanana na hali hii, na kwa visa vingi nilivyovisikia mimi nakubaliana naye.

Lakini jinamizi linaeleza kilichompata mtu mmoja kitandani kwake. Halielezi kwa nini visiwa vizima viliogopa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, watu walikuwa hawaaminiani, na mwanaanthropolojia Martin Walsh ameandika kwa urefu jinsi habari za Popo Bawa zilivyofungamanishwa na siasa. Ikiwa mtaingia katika nyumba ya mtu na jibu lenu mfukoni, hata likiwa jibu la kisayansi, mtatoka bila ya kusikia alichokuwa anakwambieni.

Kwa nyumba zinazosumbua, anzeni na maswali ya kawaida kabisa. Je, wanalala na jiko la mkaa ndani, au jenereta imewekwa barazani karibu na dirisha? Unguja ilipokaa bila ya umeme kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, jenereta zilikuwa kila kichochoro. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na kabla ya kuua huumiza kichwa, huchanganya akili na humfanya mtu aone na asikie yasiyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyokuwa ikisikia nyayo na kuwaona watu wageni vyumbani, mpaka ilipogunduliwa kuwa tanuri la nyumba lilikuwa bovu na moshi wake ukiingia ndani. Kwa mawe juu ya bati, ulizeni kama kuna mwembe au mkungu karibu. Komba na popo wakubwa wa Pemba hula usiku na kuangusha, na komba akilia hamtomtofautisha na mtoto mchanga.

Na mambo mawili sina mjadala nayo. Kisa ambacho ndani yake kuna mtu, hasa mzee, anayetajwa kuwa ni mwanga, msikichukue kama jaribio, kwa sababu kwenda kwenu tu kutamthibitishia mtaa kuwa kuna la kuchunguzwa. Kipelekeni kwa sheha na polisi. Na mgonjwa msimwambie aache dawa wala aache kombe, yaani aya zilizoandikwa na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Mwenye kifafa mwelekezeni hospitali, na kombe lake aendelee nalo.

Msoma Takwimu

Nitajibu upande wa hesabu tu, kwa kuwa mengine yamesemwa vizuri kuliko ningeyasema mimi.

Fundi wenu anadai kukijua kilichofichwa. Tafuteni makawa kumi yanayofanana, yale ya kufunikia chakula, yapangeni juu ya mikeka na kuyapa nambari, na ficheni pete chini ya moja. Rudieni mara kumi. Anayebahatisha atapata wastani wa mara moja, na nafasi yake ya kupata angalau mara moja ni kiasi cha 65 katika 100, kwa hiyo kupata mara moja msikuhesabu kuwa ni chochote. Kupata mara tatu au zaidi kwa bahati ni nafasi ya 7 katika 100, ambayo bado ni kubwa mno. Mara nne au zaidi ni kama 1.3 katika 100. Mara tano au zaidi haifiki 2 katika 1,000. Mimi ningeweka kiwango kwenye tano. Mtu anayesema kuwa bao lake halikosei hawezi kulalamika akiambiwa apate nusu.

Mahali pa kuficha pasichaguliwe na mtu. Ukimwachia mwanaadamu achague, ataikwepa nambari aliyotoka kuitumia na atapenda za katikati, na fundi mzoefu wa kusoma watu atalijua hilo hata kama yeye mwenyewe hajui kuwa analijua. Andikeni vikaratasi kumi, vitieni kwenye kibuyu, chomoeni kimoja, kisha kirudisheni na kutikisa tena.

Jambo kubwa zaidi ni hili: aliyeficha pete asikutane na fundi, na asiwepo chumbani mtu yeyote anayejua ilipo. Mjini Berlin kulikuwa na farasi maarufu aliyeitwa Hans, ambaye aligonga kwato kujibu maswali ya hesabu, na kamisheni iliyoundwa mwaka 1904 haikugundua udanganyifu wowote. Haukuwepo. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionesha kuwa farasi hujibu sawa pale tu anayeuliza anapolijua jibu, kwa sababu alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anayafanya. Ikiwa farasi aliweza, mzee aliyekaa na wateja kwa miaka arubaini atashindwa?

Wala msidhani kuwa mnahitaji maabara. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio lililofanywa na Emily Rosa alipokuwa na umri wa miaka tisa, kwa kadibodi na taulo. Watabibu 21 waliodai kuhisi nguvu inayotoka kwenye mwili wa mtu walipitisha mikono yao chini ya kiambaza na kuulizwa mkono wa Emily upo juu ya upi. Walipatia asilimia 44, chini hata ya mtu anayerusha shilingi.

Mwisho, idadi ya duru ikishaandikwa isibadilishwe. Msisimame kwa kuwa ameanza vibaya, wala msimwongeze kwa kuwa amekaribia.

Maalim wa Wete (mleta mada)

Ahsanteni nyote, na Ustadh nakushukuru kwa namna ya pekee, maana wenzangu wawili walikuwa wamesita kwa sababu hiyo hiyo.

Nimekwenda kwa fundi na pendekezo la makawa. Alilisikiliza lote, akauliza maswali mawili matatu juu ya vikaratasi, kisha akatoa pingamizi ambalo sikulitarajia. Anasema pete iliyofichwa kwa mchezo haijapotea. Bao, kwa maelezo yake, huulizwa juu ya kitu ambacho mwenyewe anakihuzunikia, na mwenye kitu lazima ataje jina lake na la mama yake ili nyota yake ijulikane. Pete ambayo watu wanajua itarudi mfukoni jioni haina nyota ya mtu. Mmoja wetu alicheka na kusema kwa sauti kuwa hicho ni kisingizio. Fundi alisikia. Nilimuomba radhi pale pale, lakini naona tumepoteza kitu.

Je, pingamizi hili tulichukulie vipi? Kama tutalikataa, atasema tulimjaribu kwa kitu ambacho hakudai. Kama tutalikubali, ina maana tusubiri mpaka mtu aibiwe kweli, na Ustadh ameshatukataza huko.

Mpemba wa Ughaibuni

Mwenzenu aliyecheka asiwemo siku ya jaribio. Pingamizi linalotolewa kabla ni zawadi kwenu. Linalotolewa baada ya kushindwa ndilo kisingizio.

Fanyeni wanavyofanya na wale wanaotafuta maji kwa kijiti. Kabla ya jaribio la kweli huwekwa jaribio la wazi: mtu huoneshwa maji yalipo, kisha huulizwa kama kijiti chake kinayahisi pale, katika hali ile ile, mbele ya watu wale wale. Akisema kinahisi, huandikwa. Baada ya hapo hakuna kinachobadilika ila kufunikwa. Basi mtafuteni mtu mwenye pete anayoipenda kweli, ya marehemu mama yake kwa mfano, ataje majina anayoyataka fundi, pete iwekwe chini ya kawa fundi akiona, apige bao, aseme mwenyewe kama bao linaionesha. Likiwa haliioneshi, hamna la kujaribu, na mtaagana kwa wema mpaka muafikiane juu ya kitu chengine. Likiionesha, pingamizi la nyota limekwisha kwa kauli yake. Mwenye pete anaweza kubaki chumbani, maadamu na yeye hajui ilipo.

Maalim wa Wete (mleta mada)

Amekubali. Kwanza ataona kwa wazi, kisha duru kumi za kufunikwa, na kiwango ni tano. Aliongeza masharti yake mawili, kwamba asikilizwe bila ya simu kuita, na kwamba apewe muda wa kutosha baina ya bao na bao. Yote tumeyaandika na ametia saini. Siku tumeiweka baada ya karafuu kuanikwa, kwa sababu sasa hivi hakuna mtu wa kukaa kwenye mkeka nusu siku. Sheha atakuwa shahidi.

Limebaki moja. Yule kijana aliyevunjwa mkono amesikia, na ameniomba yeye ndiye awe mwenye kuchomoa vikaratasi na kuficha pete.

Msoma Takwimu

Vikaratasi havimjui nani anavichomoa, kwa hiyo kihesabu hakuna tatizo. Lakini fundi lazima aridhike na kila mtu aliyemo katika jaribio, na huyu ana sababu ya kutaka ashindwe. Muulizeni fundi kabla ya kumjibu kijana.

Maalim wa Wete (mleta mada)

Nimemuuliza jana baada ya laasiri. Alikaa kimya kidogo, akasema hana pingamizi naye. Kisha akaniuliza kama mkono umepona. Nikamwambia kuwa bado haunyooki.